Ishirini na Sita kwa Arubaini

Chuo chetu kiko nje kidogo ya Nizwa, njia ya Bahla,
ukishapita kipilefti chenye dele la kahawa la saruji.
Kila Septemba mtihani: maswali arubaini,
visanduku vinne vinne, penseli, dakika sitini,
na kiyoyozi kinachokohoa.
Mwenye ishirini na nane anaingia kalkulasi.
Asiyefika, mwaka mzima wa matayarisho.
Nani aliichagua ishirini na nane? niliuliza.
Nikajibiwa: tuliikuta.

Hilali bin Sulayyim alipata thelathini na tisa.
Lile moja alilokosa, alilikatia rufaa.
Wiki ya tatu nikachora ubaoni mstari uliopinda,
nikauwekea kidole: hapa, hapa hasa,
unapanda kwa kasi gani?
Akakitazama kidole
kama mtu anayechungulia saa ya jirani.
“Mwalimu, ni fomula ipi?”
Kabla ya fomula, nikasema.
“Kabla ya fomula sikufundishwa.”
Wala si mvivu. Karatasi za miaka kumi iliyopita
alizimaliza kwenye tuisheni Maskati,
baba yake akimwendesha kila Ijumaa,
akilala garini mpaka somo liishe.

Ghaniya bint Muhanna alipata ishirini na sita.
Kwao wanapika haluwa, nyuma ya soko.
Nilikwenda kuchukua kilo mbili za Idi,
akanisemesha Kiswahili cha bibi yake, mzaliwa wa Wete,
Kiswahili cha jikoni, kisicho na neno hata moja la shule.
Sufuria ya shaba ndiyo kwanza imeteremshwa,
zafarani na samli zimejaa puani.
“Subiri, Mwalimu. Haipoi sawasawa hii.
Mwanzo joto linakimbia. Halafu
kila likikaribia joto la chumba linaona haya,
linapunguza mwendo. Halifiki, linakaribia tu.
Ukimimina mapema, bakuli linapinda.
Ukichelewa, unachonga.”
Akanyoosha kiganja hewani, kikashuka
wima, kisha kikalala,
kikalala zaidi,
bila kuigusa meza.

Nikabaki na noti mkononi.
Ni mstari ule ule ninaouchora kila mwaka
na nusu ya darasa wanaunakili bila kuuona.

Sitaki hadithi hii ishinde haluwa kwa utamu.
Niliitafuta karatasi yake. Sehemu zilimshinda kweli:
theluthi na robo, alitia kivuli mbili ya saba.
Na kalkulasi haimhurumii asiyejua sehemu;
mlima atauona wote, kokoto zitamwangusha.
Basi mtihani haukusema uongo.
Ulijibu swali lake,
sisi ndio tuliolihamisha jibu.
Tumempima mtu kimo,
tukaenda kumshonea viatu.

Jana kikao. Msajili, mtu mwema, akasema:
“Nipe namba. Kiganja hakiingii kwenye kompyuta.”
Nikasema, tuwaite walio karibu na mpaka,
juu yake na chini yake,
dakika kumi kila mmoja, mstari mmoja, kidole kimoja.
“Ni watu mia na arubaini hao.”
Saa ishirini na tatu na dakika ishirini, nikahesabu.
Nitazitoa, nikasema,
na sijui nitazitoa wapi.
Katibu akaandika: limesikika.

Hilali siku hizi huja ofisini baada ya alasiri.
Juzi aliuliza swali lisilo na fomula,
akaona aibu,
nami nikajitia kutafuta kalamu.
Ghaniya yuko matayarisho, chumba namba sita,
anajumlisha theluthi na robo.
Asubuhi ameniletea kibakuli, kifuniko kina jasho.
Orodha mpya iko mezani, inangoja sahihi,
na mstari mwekundu chini ya ishirini na nane.
Nakigusa kibakuli: bado.
Nakigusa tena.